Bunduki ya Singano Iko Edani

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimekwenda kuposa bunduki.

Si bunduki ya maana, msije mkanifikiria makubwa. Ni ile bunduki ya upepo ya Singano, jirani yangu wa bondeni, anayofukuzia tumbili wasimmalizie machungwa. Ameitumia miaka mingi, na ameichezea mpaka hata kiwanda kilichoitengeneza hakiwezi kuitambua. Springi yake aliitoa akatia ya pikipiki. Kitako cha plastiki alikitupa, akachonga kingine cha mti wa mfenesi, na ubavuni akakwangua kibonde kinachoingia shavu lake barabara. Sasa anaiuza. Anasema macho yake hayaoni tena mbali. Nami nina machungwa yangu, kwa hiyo tumekubaliana nikaichukue leo asubuhi.

Jambo moja niliseme mapema, maana Muheza nzima inalijua. Mwantumu, mke wangu, alikuwa mke wa Singano kabla ya kuwa wangu. Waliachana kwa salama, eda ikaisha, nikaposa, nikaoa, na hakuna aliyegombana na mtu. Watu wanatusifu kwa ustaarabu wetu. Singano akipita barabarani ananisalimu, nami naitikia kwa meno yote nje, kisha roho inaniuma mpaka jioni.

Basi, ndotoni nimevaa kanzu yangu ya Idi, nimesimama mlangoni kwa Singano. Mshenga wangu ni kunguru. Amevaa koti la suti bila suruali, nami naona sawa tu, kwa sababu kunguru suruali ya nini.

"Hodi wenyewe!" anaita.

"Karibuni," kinajibu kinu cha Singano. Kinu kimekaa mkekani, kimejifunga kanga, na kwa namna kilivyotukazia macho nikajua ndicho msemaji wa nyumba.

"Tumekuja kwa heri," anasema kunguru. "Kijana wetu ana haja na binti yenu, yule mwembamba wa chuma."

Kinu kinashtuka. "Nyie watu mna adabu kweli? Mwanamke yuko edani, mnakuja kuposa waziwazi na kanzu juu?"

"Edani kwa sababu gani?" nikauliza. "Si anauzwa?"

"Kuuzwa ndiko kuachwa. Bwana wake alisema mbele ya mashahidi, 'Nakuuza.' Tangu hapo anakaa eda. Tohara tatu. Mtutu utasafishwa leo, utasafishwa mwezi ukiandama, utasafishwa na mwingine ukiandama. Hapo kati hakuna kuposa, hakuna kukonyeza, na triga haiguswi."

Nikaona ni utaratibu wa kawaida, nikajilaumu kwa kuusahau. "Na hiyo eda anaikalia wapi?"

"Anaikalia kwa mumewe. Ulitaka akaikalie sokoni?"

"Talaka ngapi?"

"Moja. Akitaka kumrejea, atamrejea kabla ya tohara ya tatu. Ni haki yake."

Nilijikaza kisabuni, nikageuza macho pembeni. Dirisha la chumbani lilikuwa wazi. Bunduki imeegemea kitanda cha Singano, imejifunika kaniki nyeusi mpaka kwenye triga, na Singano mwenyewe yuko ukingoni mwa kitanda. Wanazungumza kwa sauti ya chini. Mara Singano anacheka, na bunduki inacheka.

"Wanacheka nini?" nikamuuliza kinu.

"Mambo yao. Watu wakiishi pamoja hawakosi la kuchekea."

Mwantumu naye alikaa eda chumba hicho hicho, dirisha ni hilo hilo. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza kama walicheka. Nimewahi kukusudia kumuuliza, nikanywa maji, nikalala.

Uvumilivu ukanishinda, nikausukuma mlango. Ndani si chumba tena. Ni shamba langu la machungwa, miti imezaa vizuri, na kitanda cha Singano kiko chini ya mti wa katikati pamoja na Singano mwenyewe, amevaa miwani, anashona kiatu. Pembeni tumbili wamekaa kwenye viti vya plastiki, upande wa bibi harusi.

"Karibu shemeji," tumbili mmoja mzee akanipa mkono. "Huyu binti katulenga tangu anakuja hapa. Hakuna anayetujua kama yeye. Sisi ndio jamaa zake."

Nikamwamkia, nikapita. Bunduki ikafunua kaniki kidogo.

"Bwana mdogo," ikasema, "umekuja mapema."

"Mdogo kwa nani? Mimi ndiye mnunuzi."

"Ndiyo nikakuita bwana mdogo. Mkubwa ni yule aliyenichonga."

Nilitazama kwa Singano. Anashona kiatu chake, hana habari. Kama angenitukana ningefurahi, maana ningekuwa na la kumjibu. Nikaikamata ile bunduki, nikaiweka begani, nikalaza shavu. Halikukaa. Kibonde kiliniuma kwenye mfupa, na shavu langu lote likamwagika pembeni.

"Shavu lako nene," bunduki ikasema bila ubaya. "La Singano limebonyea hapa, chini ya jicho. Hulijui?"

Ninalijua. Namjua Singano alivyobonyea, anavyotembea akiburuta mguu wa kushoto, anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito.

"Nitachonga upya," nikasema. "Nitakiondoa hicho kibonde."

"Utakiondoaje? Kibonde hukikwangui kikaisha. Kila ukikwangua kinazidi."

Tumbili wakatikisa vichwa, wameridhika na hoja. Hapo wivu ukanipanda mpaka masikioni. Nikasema moyoni, huyu Singano nikimwachia miezi yote hiyo atamrejea tu, nimtazame anavyomrejea na kanzu yangu mwilini. Nikararua vipande vitatu vya kanzu, nikazungushia kimoja kwenye fimbo ya chuma, nikaanza kuusafisha mtutu. Tohara zote tatu, hapo hapo, mkupuo mmoja.

"Ee bwana, hayo si ya haraka," kunguru akanionya. Nikamwambia anyamaze, nimemlipia koti.

Kitambaa cha kwanza kikatoka na vumbi na mafuta. Cha pili kikatoka na kicheko cha Singano, kile kile cha dirishani, kikaanguka majanini na kunyamaza. Cha tatu kikakwama katikati.

"Acha kusukuma," ikasema bunduki. "Humo mna pumzi."

"Pumzi ya nani?"

"Ya bwana mkubwa. Ile springi ya pikipiki unayosimuliwa ilivunjika zamani. Ananijaza kwa mdomo."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

Tumbili wote wakainamisha vichwa kwa heshima. Mimi nilitafuta mahali pa kukaa, kiti hakikuwepo, nikakaa chini na kanzu yangu nyeupe. Sijawahi kuumwa namna ile. Watu wanasema wivu unachoma, lakini mimi niliusikia umekaa kifuani umekunja miguu, kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka.

"Imebaki moja tu," bunduki ikaendelea. "Aliipuliza siku Mwantumu alipofungasha. Alikuwa na neno la kumwambia, likamkwama, akanishika mimi. Neno likaingia na pumzi. Pumzi nyingine zote alizonijaza zilitoka na risasi zao, hiyo hakuwahi kuifyatua."

"Neno gani?"

"Mimi ni bunduki, si mbeya. Fyatua usikie."

Sasa nafikiri nini? Nafikiri ni jina la Mwantumu. Nafikiri ni jina lake kwa ile sauti ambayo mtu huitumia gizani, na mke wangu akiisikia itamwingia, ataweka chini alichoshika, atarudi bondeni. Hilo ndilo ninaloliogopa tangu siku ya ndoa. Nataka kumaliza pumzi ile, na sitaki Mwantumu aisikie. Nikaona la busara ni kufyatulia ardhini, haraka, kabla hajatokea.

Mwantumu akatokea. Ana beseni la nguo, anafunga kamba kutoka mti hadi mti.

"Baba Hidaya," akasema, "unafanya nini na hicho kitu?"

"Nawatisha tumbili."

"Wamekaa kwenye viti hao. Unawatishia nini?"

Nikaelekeza mtutu kwenye nyasi, nikaukanyaga mdomo wake kwa mguu ili sauti isitoke, nikavuta triga.

Haikutoka risasi. Ulitoka upepo, na ndani yake sauti ya Singano ikakohoa kwanza, kisha ikasema wazi, kila mtu akasikia: "Mwantumu, nenda salama."

Basi. Hakuna kingine. Mwantumu alisimama kidogo na shati langu mkononi.

"Ahsante," akasema kuelekea kitandani.

"Haya mama," akajibu Singano bila kuinua uso kwenye kiatu. Mwantumu akaanika shati, akaendelea na la pili.

Ningepaswa kufurahi. Miaka mitano nimelinda mlango wangu usiingie neno lile, na neno lenyewe ni la kumuaga msafiri. Lakini sikufurahi hata chembe. Ule wivu ulikuwa umesimama pale, umevaa, umejiandaa, hauna pa kwenda.

Singano akakata uzi kwa meno, akavaa kiatu, akanijia. "Eda imekwisha, mume mwenzangu. Mchukue."

"Humrejei?"

"Mimi? La. Wala sijawahi kufikiria." Akanipiga bega kwa upole kabisa, akamshika kunguru mkono, wakaondoka wakizungumzia mizinga ya nyuki. Tumbili wakakunja viti.

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Kama hakumtaka, kama hata siku moja hakumtaka, basi mimi nimekuwa nikishindana na nani? Niliitazama ile bunduki. Ghafla ikawa nzito, na kuukuu, na kitako chake kina nyufa nilizokuwa sijaziona. Nikatamani Singano ageuke aniombe amrudie, nimkatalie. Hakugeuka.

Miti ikaondoka bila kuaga. Sasa tuko chumbani kwangu, mimi na bunduki, imelala kitandani upande wa ukutani.

"Haya," ikasema. "Niko mtupu. Nijaze ya kwako."

Nikaweka mdomo, nikapuliza. Hakukuingia kitu. Nikapuliza tena mpaka mishipa ikanitoka shingoni. Hata kipande cha karatasi kisingetikisika.

"Pumzi yako iko wapi?" ikauliza.

"Sijui. Nilikuwa nayo."

"Singano akipita barabarani unaishika mpaka apotee kwenye kona. Akisemwa msikitini unaishika. Mtu wa namna hiyo atabaki na pumzi ya nani mwingine?" Haikusema kwa hasira. Sauti yake ilikuwa imepungua chuma, imekuwa ya mtu aliyechoka na kazi za nyumba. "Nikuulize, nawe unijibu. Ulinitaka mimi, au ulitaka cha Singano?"

Swali lenyewe ni jepesi. Nilifungua mdomo nijibu, jibu likawepo, nalihisi ulimini, lakini hapakuwa na upepo wa kulitolea. Nikabaki nimeachama. Bunduki ikangoja. Ilingoja kwa subira ambayo sikustahili, na mimi nimeachama tu, mpaka nikaamka.

Kumekucha. Jogoo wa jirani yuko kazini. Mwantumu ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshafunga kilemba cha kanga, ananitazama.

"Umekuwa ukihema kama mtu anayepuliza moto," akasema.

"Nimeota mambo ya ovyo. Bunduki."

"Utaenda kuichukua?"

"Si tumeshakubaliana na Singano."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akafika mlangoni. Hapo akasimama na mgongo wake kwangu.

"Hujanijibu lakini."

"Kukujibu nini?"

"Nilichokuuliza sasa hivi. Ulifungua mdomo, nikangoja, nikangoja. Ukatoa kimya."

Nilitaka kumwambia ilikuwa ndoto, na kwamba aliyeuliza hakuwa yeye, lakini alikuwa amegeuka, na mwanga wa dirishani ulikuwa umempiga usoni. Chini kidogo ya sikio lake, pale kanga ilipoishia, kuna kidoti cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama. Naweza kuwachoreeni kiatu cha Singano kwa kumbukumbu, mshono baada ya mshono. Kidoti kile nilikuwa sijawahi kukiona.

"Hicho kidoti," nikasema, "umekipata lini?"

Mwantumu akakigusa kwa kidole.

"Ndilo jibu lako hilo?" akasema.