Mwanya wa Kupigilia Misumari

Jino la mbele la Mwanya lilivunjika Jumatatu asubuhi, na viti arobaini vya ukumbi wa sherehe vilikuwa vinatakiwa Jumamosi.

Halikuvunjika kwa ugomvi wala kwa kutafuna mfupa. Lilivunjika kwa nyundo, tena nyundo yake mwenyewe, mkononi mwake mwenyewe. Mwanya alikuwa fundi makochi wa mtindo wa zamani, wa kushika kitambaa kwa misumari midogo, na misumari hiyo haikukaa mfukoni wala koponi. Ilikaa mdomoni. Alijitupia konzi moja kama mtu anayekula karanga, kisha kazi ikaanza. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa mpaka kinakaza kama ngozi ya ngoma. Ulimi unageuza msumari mmoja na kuuchomeka kwenye ule mwanya wa meno ya juu, kichwa nje, ncha ndani. Nyundo yenye sumaku inakuja kuuchukua palepale. Mdomoni, kwenye mbao, ta! Mdomoni, kwenye mbao, ta! Mpita njia alidhani mle ndani kuna mashine.

Mwanya huo uliota pamoja na meno yake. Ndio uliompa jina, ndio uliompa kazi, na mkewe alisema ndio uliompa mke.

Karakanani alifanya kazi na shemeji yake, kaka wa mkewe, jitu zima lililoajiriwa kubandua vitambaa vikuukuu lakini likafanya zaidi kazi ya kusema. Asubuhi hiyo shemeji alikuwa anaigiza mwendo wa mwenye ukumbi tangu anunue viatu vipya: kisigino kwanza, tumbo baadaye, shingo mwisho. Mwanya akaangua kicheko. Nyundo ilikuwa imeshaondoka kwenye mbao kuja kuchukua msumari. Haikuambiwa kwamba mdomo umehama.

"Shemeji, umeumia?"

Mwanya akatema misumari kiganjani. Katikati yake kulikuwa na kipande cheupe.

"Huo si msumari," shemeji akasema.

"Nashukuru kwa taarifa."

Maumivu yalikuwepo, ila hayakuwa shida yenyewe. Shida ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa fundi mwenye bunduki ya pini inayotumia upepo, ambaye kiti kimoja alikimaliza kabla chai haijapoa. Mwaka uliopita mwenye ukumbi alimpa viti vyake. Pini zikachomoka moja moja, na moja ikachana gauni la mgeni wa heshima kuanzia kiunoni. Ndipo akarudi kwa Mwanya. "Arobaini hivi ni vya kukuonja," alisema. "Ukivimaliza kwa wakati, ukumbi wa juu, wa ghorofani, una mia mbili. Ukishindwa, navivusha barabara. Bora pini kuliko wageni kusimama." Malipo ya mia mbili ni chakula cha mwaka mzima. Mtu haiachii kwa sababu ya jino.

Daktari wa meno alikuwa binti wa umri wa mtoto wake wa kwanza, chumba chake kinanukia karafuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nibandikie hiki," Mwanya akasema, akampa kipande kilichofungwa kwenye karatasi ya msasa.

Daktari akapiga picha ya jino, akaiinua kwenye mwanga. "Lingemeguka ncha tu, ningelijaza. Lingebaki kisiki kizima, ningelivika kofia. Lakini ufa umeshuka mpaka kwenye mzizi, na si wa leo. Nyundo imemalizia tu. Unatafuna nini na haya meno?"

"Misumari."

Daktari akaanza kuandika, kisha akaacha. "Misumari?"

"Midogo."

Akavuta pumzi. "Basi jino hilo linatoka, na kuna njia tatu za kuweka jingine. Ya kwanza ni jino la kuvaa na kuvua, linashikiliwa na sahani nyembamba ya plastiki inayokaa kwenye kaakaa. Ya pili ni daraja. Nachonga meno ya jirani, la kushoto na la kulia, nayavika kofia, na jino jipya linashikwa katikati yao."

"Jirani wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, ndiyo ubaya wake. Ya tatu ni skrubu. Natoboa mfupa wa taya, naikaza, tunasubiri miezi kadhaa mfupa uishike, halafu juu yake nafunga jino."

Hiyo Mwanya aliielewa kuliko zote, akauliza bei. Alikuwa na tabia ya kugeuza kila bei kuwa makochi, maana noti zilimchanganya lakini makochi hayakumchanganya. Skrubu ilikuwa seti nzima: kochi la watu watatu, la wawili, viti viwili na meza ya katikati. Daraja lilikuwa kochi la watu watatu. Jino la kuvaa lilikuwa kiti cha mtu mmoja, bila mto.

"Nipe la bila mto."

"La nini?"

"La kuvaa, binti yangu. La kuvaa."

"Sawa. Na haya ya chini yamepandana, mzee. Tukiyafunga waya, mwaka na nusu yananyooka yote."

"Daktari, nimekuja kwa jino moja. Usiniuzie duka zima."

Akang'olewa, akapimwa kwa ule udongo laini unaojaza kinywa, akarudi Jumatano. Daktari alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Jitazame! Jino nimelipanua kidogo, na ule mwanya umezibika. Sijakutoza hata senti."

Mwanya akatazama kioo. Meno yalijipanga kama vigae vya bafuni. Alihisi kuna kitu hakiko sawa, lakini mtu akikupa zawadi kwa uso ule, unasemaje? Akashukuru.

Nyumbani mkewe alifungua mlango, akamwangalia juu hadi chini. "Karibu. Unamtafuta nani?"

"Acha utani, mama watoto."

"Sauti ni yake," mke akamwambia kaka yake, aliyekuwa mezani kama kawaida ya saa ya chakula. "Mwanya wenyewe uko wapi?"

"Daktari kaziba. Bure."

"Bure! Sasa mimi nimebaki na nini? Hilo pua? Mimi niliolewa na ule mwanya, bwana. Wewe uliandamana nao tu."

"Jino la pembe si dawa ya pengo, dada," shemeji akasema huku anatafuna.

"Nani kasema pengo? Pengo ni la uzee. Ule ulikuwa mwanya, na mwanya ni uzuri. Kula, nyamaza."

Mwanya alicheka mpaka sahani ikacheza mdomoni. Hakuhuzunika. Sura ya mtu ni mali ya wanaoitazama. Yeye alikuwa na viti.

Alhamisi asubuhi akajitupia misumari, na hapo ndipo alipojua alichopewa. Ulimi, uliozoea mle ndani kama kipofu alivyozoea nyumba yake, ulikuta umetandikiwa zulia. Msumari mmoja ukapita chini ya sahani na kumchoma. Mwingine ulifika mbele, ukakuta mlango umejengwa ukuta. Akavua jino. Sasa pengo likawa pana, misumari ikamwagika kifuani kama mvua ya mawe. Akajaribu kopo. Nyundo ikatoka na shada zima la misumari, imelalia kila upande. Mwishowe shemeji akajitolea kuishika kwa vidole.

"Piga tu, shemeji. Nakuamini."

Mwanya akapiga. Shemeji hakumwamini tena.

Hadi adhuhuri walikuwa wamemaliza viti viwili, na kimoja kilikuwa na mkunjo. Mwenye ukumbi akaingia, kisigino kwanza, akaviangalia, kisha akageuka kutazama ng'ambo ya barabara, ambako bunduki ya pini ilikuwa inalia.

"Fundi, mimi sina ugomvi na mtu. Kesho jioni nitapita. Nikikuta hivi hivi, navivusha."

Alipotoka tu, Mwanya akajitwika kiti kimoja, akachukua kitambaa, nyundo na kopo la misumari, akaenda kwa daktari.

Katika chumba cha kusubiri wagonjwa walimpisha. Mama mmoja mwenye shavu lililovimba akauliza, "Na hicho kiti nacho kimekuja kung'olewa?"

Daktari akachungulia. "Mzee, jino linabana?"

"Halibani. Nirudishie mwanya wangu."

"Watu wananilipa niwazibie! Wengine wanavumilia waya miaka miwili."

"Hao wana kazi nyingine."

"Na nikikufungulia, utaweka misumari tena?"

"Ndiyo."

"Mzee wangu, si ungenidanganya hata kidogo?"

"Nikudanganye vipi na nimekuja na kiti?"

Mama mwenye shavu akacheka, kisha akajutia kucheka. Mwanya akakiweka kiti sakafuni, akavuta kitambaa, akatia misumari mdomoni na kumwonyesha: ulimi ukitafuta njia, msumari ukigonga ukuta, nyundo ikirudi mikono mitupu. Daktari akachuchumaa, akawasha taa ya kichwani, akaingiza kile kioo chao kidogo.

"Rudia. Polepole. Msumari ulikuwa unaegemea jino lipi?"

Mwanya akaonyesha lile la jirani, lililobaki. Daktari akaligonga taratibu kwa kifaa chake, akalimulika, na uso wake ukabadilika.

"Na hili lina alama ya ufa, ndogo bado. Ukiliegemeza misumari kama zamani, mwakani utaniletea nalo kwenye karatasi ya msasa."

Mwanya alikuwa amelilia jino moja tangu Jumatatu, kumbe la pili lilikuwa foleni. Akaona viti mia mbili, akaona na kinywa kitupu, na kwa mara ya kwanza hakujua kipi kimtishe zaidi.

"Basi ndiyo mwisho wa misumari," akasema taratibu.

"Sijasema hivyo. Umesema hivyo wewe." Daktari akanyoosha kiganja. "Vua. Na nipe msumari mmoja."

Akauchemsha kwanza. Kisha akaishika ile sahani na kuikata nyuma, ikabaki umbo la kwato, kaakaa likawa wazi kwa ulimi. Halafu akalichukua jino la plastiki lenyewe. Hakulipunguza lote. Alichimba kijimfereji ubavuni mwake, ndani ya plastiki tupu, akijaribu msumari, akichimba tena, akipuliza vumbi, kama fundi anayelainisha reli ya droo.

"Msumari ukae humu, usiguse jino lako. Plastiki ikichoka, nitakutengenezea nyingine. Jino lako likichoka, mimi sina la kukupa. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Misumari unaichemsha kila siku. Jino unalivua ukilala. Na kila baada ya miezi sita nakuona hapa, bila kiti."

Mwanya akavaa. Akatia msumari mmoja. Ulimi ukaugeuza, ukausukuma, ukasita mlangoni, ukaingia. Nyundo ikaja. Ta! Akatia konzi nzima. Ta! Ta! Ta! Aliumaliza upande wote wa kiti palepale katikati ya chumba cha kusubiri, na mama mwenye shavu akapiga makofi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umelishika shavu.

"Inatosha, mzee!" daktari akasema, lakini alikuwa anacheka. "Nina wagonjwa!"

Mkewe alipomwona, alimkamata kidevu na kumgeuza kwenye mwanga. Mwanya mpya ulikuwa mwembamba, umekaa kushoto kidogo.

"Umehama nyumba," mke akaamua, "lakini ni mtaa uleule. Ingia ule."

Ijumaa mwenye ukumbi alipita jioni, akasimama mlangoni akisikiliza kabla ya kutazama. Akaondoka bila kuvusha kiti hata kimoja. Jumamosi walipeleka viti thelathini na tisa kwa mkokoteni, na cha arobaini Mwanya alikimalizia barazani kwa ukumbi, wageni wakimpita na mavazi yao mazuri, shemeji akiwasihi wasimame mbali na kidole gumba chake. Mwenye ukumbi akakikalia hicho cha mwisho, akajinyanyua, akajitupa tena kwa uzito wote.

"Vile vya juu utaanza lini?"

"Jumatatu."

Hesabu ilikuwa hivi. Picha na kung'oa, stuli moja. Jino la kuvaa, kiti cha mtu mmoja, bila mto. Ule mfereji daktari alikataa kulipwa, kwa hiyo Mwanya alimvalisha upya benchi la wagonjwa, kitambaa chake, sponji yake, misumari yake. Kabla viti mia mbili havijaisha alikuwa amemaliza meno mawili zaidi ya plastiki, kwa hiyo viti vingine viwili vya mtu mmoja. Kucha ya gumba ya shemeji, moja. Jino la Mwanya mwenyewe, moja.