Simu ya Papa Feruzi, Fundi wa Saa

Papa yangu, Feruzi, alikuwa fundi wa saa katika komini ya Tshopo, kata moja ya mji wetu, na hapakuwa na kitu kilichomuuma kama kumlipa mtu kwa kazi ambayo mikono yake mwenyewe ingeiweza. Hata kwa kinyozi alikaa na kioo mkononi akimwelekeza. Kwa hiyo mwisho wa mwezi wa saba mwaka 1964, mvua kubwa ilipopita na simu yetu ikawa imekufa, nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba fundi wa Poste, idara ya posta na simu, hataitwa.

Simu ile aliachiwa na bwana wake wa zamani, Mbelgiji mwenye duka la saa, aliyeondoka baada ya uhuru. Papa aliitundika ukutani dukani kwetu, chumba cha mbele cha nyumba, katikati ya saa zake zote, na chini yake akabandika karatasi ya masharti. Waya wa nje, hadi kwenye kisanduku cha mlangoni, ulikuwa wa Poste, na wao waliutengeneza bure. Ukishaingia ndani, ni wako. Fundi akiitwa akakuta ubovu uko ndani, unalipa kazi yake na unalipa pia safari yake ya kuja.

"Déplacement," papa alisema, akilisoma lile neno kwa mara ya kumi. "Évariste anakaa avenue ya pili. Anakuja na miguu. Nimulipe déplacement ya nini, ya viatu yake?"

Évariste alikuwa fundi wa Poste, mtu wa Isangi, mpole, na wala si yeye aliyeandika masharti yale. Papa aliyajua hayo. Lakini mtu anayefungua saa za Wazungu na kuzirudisha bila kubakiza kipande mezani, atashindwaje na nyaya mbili? Hivyo ndivyo alivyoniuliza, na mimi nilicheka.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, na ningependa nisirudi. Mama alikuwa amefariki mwezi wa sita. Kwetu nyumba yenye matanga hainyanyui sauti mpaka arobaini ipite: redio inafungwa, kinu kinalazwa, watoto wanakemewa. Zile saa za ukutani zilizokuwa zikigonga, papa mwenyewe alizifunga nyundo kwa uzi, moja moja, huku machozi yakimdondoka. Lakini siku ya pili, katikati ya hitima, simu ikalia, ndefu, bila haya, na wamama wote wakageuza vichwa. Niliona aibu kwa ajili ya mama. Watu walipotoka kunawa nilichukua bisibisi ndogo ya papa, nikafungua kifuniko cha simu, nikashindilia kipande cha kikwembe cha mama, nguo yake ya kujifunga, kati ya kinyundo na kengele zake mbili. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na nne na nilijiona mwerevu.

Siku ya arobaini papa alifungua nyuzi za saa zake. Mimi nilijiambia simu nitaifungua kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, halafu mvua ikaja na simu ikafa kabisa, na simu maiti haidai kengele. Nilisahau. Nimetafuta miaka mingi neno lililo bora kuliko hilo, silipati.

Papa alianza kazi yake asubuhi ya tarehe tatu mwezi wa nane. Aliikongoa simu ukutani, akaibeba hadi kwenye kisanduku cha mlangoni, akafunga nyaya zake mbili pale pale, bila kupitia waya wa ndani. Akaweka mkono wa simu sikioni.

"Centrale," ikasema sauti ya mwanamke wa ofisi ya kuunganisha simu.

"Pardon, mademoiselle, ni essai tu, ninajaribu simu." Papa alikata, akanigeukia na uso umemeremeta. "Unaona? Ya inje iko muzima. Simu nayo iko muzima. Donc mugonjwa iko hapa katikati."

Kifuniko cha simu hakukigusa, kwani simu ilikwisha kuthibitika nzima. Alifuata waya kwa vidole, kutoka mlangoni, nyuma ya kabati, chini ya rafu. Nyuma ya kabati, pale maji ya mvua yalipokuwa yamechuruzika ukutani, akakuta shaba imeota kutu ya kijani na kukatika. Alikata, akakwangua, akasokota, akafunga kwa utepe mweusi. Akairudisha simu mahali pake, akainua, centrale ikaitika. Akaomba chai. Sijawahi kumwona tena mwenye furaha kama siku ile.

Alasiri yake Lukumani alivuka mto kuja kutuona. Lukumani alikuwa kaka yangu, mtoto wa kwanza, karani katika ghala moja ng'ambo, upande wa Lubunga, kijana wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Habari zilikuwa zimefika kwamba waasi wako karibu, na kwamba kila walipoingia waliwatafuta kwanza makarani, watu wa kalamu, waliosemekana wamekula uhuru peke yao. Lukumani hakula uhuru wowote. Alikula mihogo na sisi siku ile, kisha papa akampa maagizo.

"Rudia ngambo, ubaki kule ndani ya depot," papa alimwambia. "Mbele ya kuvuka, piga simu. Nikisema saa yako iko tayari, uvuke. Nikisema haiko tayari, bakia."

"Na nyinyi mutanipigia?"

"Hapana. Sisi hatutapiga. Ile bureau ya centrale iko na masikio mingi, tukiomba depot na jina yako watajua uko kule; wewe ukipiga, ni mutu wa saa tu. Wewe njo mwenye kupiga. Mimi nitakuwa karibu ya simu, nitakaa hapa tu."

Yalikuwa maagizo mazuri. Hakuna kati yetu watatu aliyeuliza: na kama hamuitiki, nifanye nini?

Waasi waliingia mjini. Siku mbili tulilala chini sakafuni, milango imefungwa, tukisikia risasi upande wa makao ya jeshi. Siku ya tatu mtaa ukatulia. Vijana wa waasi walipita na majani vichwani, wakatazama saa za papa, wakachukua tatu, wakaondoka. Kwa baba yangu hapakuwa na karani. Lakini kule mtoni walikuwa wamejaa, wakipekua kila aliyeshuka pirogi, ule mtumbwi wa kuvukia, na papa alijua neno lake: haiko tayari.

Alikaa chini ya simu ile siku nne nzima. Sikupata kuona mtu anayengoja namna ile. Alikula pale, aliswali pale, alisinzia pale na bega ukutani. Mara kwa mara aliinua, akasikia "Centrale", akaweka chini upesi asije akaifunga njia. Zile saa zake zilitembea zote kwa pamoja, arobaini au hamsini, chumba kizima kikitetemeka kwa tik-tak, na chini ya kelele hiyo, ndani ya kisanduku cha simu, kinyundo kilikuwa kikigonga kitambaa.

"Hapigi," papa alisema. "Ni vizuri. Mutoto ana akili. Amebakia."

Nami nilikuwa nimekaa pale pale, nikimenya mihogo, nikaitikia kwamba ana akili.

Siku ya tano alikuja mwanamke mmoja wa Yanonge, Mama Augustine, muuza samaki. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Alimwuliza papa kama yeye ndiye baba wa Lukumani. Papa alipoitika, yule mama akakaa chini kwenye kizingiti na kuweka mikono juu ya kichwa, na hapo tulijua.

Alikuwa amemvusha kwenye pirogi yake asubuhi ile. Vijana walimshika alipokanyaga tu mchanga. Hakuwa ameficha hata kalamu.

"Nilimukataza," Mama Augustine alisema. "Nilimuambia, mutoto, pale ni kubaya. Aliniambia: mama, siku tatu ninapiga simu kwetu. Inalia, inalia, mutu hatwae. Papa yangu hawezi kuacha simu inalia. Basi kama hatwae, wamekufa wote, niende nizike watu yangu."

Papa alimwambia kwa sauti ya chini kwamba simu haikulia. Alimwambia mara mbili. Mama Augustine akasema ndivyo kijana alivyosema, yeye anarudisha maneno kama alivyopewa.

Mwili tuliruhusiwa kuuchukua kesho yake. Papa alimwosha mwenyewe.

Watu walikuja kwenye matanga kwa kunyatia, wachache wachache. Mjomba wetu, tonton Assumani, ndugu wa mama, alikuja na wanawe, akakaa karibu na papa akimshika mkono. Évariste naye alikuja, ingawa ni Mkristo na ingawa kwa mtu wa serikali kutembea wakati ule kulikuwa hatari. Alisikiliza kisa chote. Aliinua macho akaitazama simu, na najua hakukusudia ubaya wowote. Ni kazi yake tu iliyosema kabla yake.

"Papa Feruzi, siku ile ulitengeneza waya, uliomba centrale ikupigie?"

"Kunipigia kwa nini? Niliinua, waliitika."

"Kuinua ni njia ya kwenda. Ya kurudi ni ingine. Sisi hatutokaka kwa nyumba ya mutu mbele ya centrale kupiga na kengele kulia. Ile njo kazi ya mwisho."

Papa aliinuka polepole, akaenda kwenye simu, akaiambia centrale impigie. Akaweka chini. Tulingoja. Papa aliweka kiganja chake juu ya kisanduku, namna alivyozoea kuisikiliza saa mbovu, na nikaona uso wake ukibadilika: kitu kilikuwa kikitikisika ndani, na hakuna kilichosikika. Alichukua bisibisi yake ndogo, akafungua kifuniko. Alivuta kile kitambaa taratibu, na kengele ikalia ukumbi mzima, ikalia, ikalia, mpaka Évariste alipoinuka na kuizima.

Papa alikishika kitambaa. Alilijua ua la kikwembe kile, alikinunua yeye. Kisha aliniangalia. Nadhani uso wangu ulisema yote, kwa sababu alinitazama kitambo kirefu mno.

"Nani aliweka hii?" tonton Assumani aliuliza, amesimama tayari.

"Ni mimi," papa alisema.

"Wewe?"

"Wakati ya matanga ya dada yako. Nilifunga saa, nilifunga na simu. Saa nilifungua. Simu nilisahau."

Kila mtu aliamini, maana kila mtu alimwona akifunga zile saa. Tonton Assumani hakuushika tena mkono ule aliokuwa ameushika siku mbili. Alisema kwamba dada yake alizaa mtoto wa kiume mmoja tu, na baba yake amemuua kwa ubahili wa kumwita fundi. Akatoka na wanawe.

Watu walipoondoka nilienda kwa papa kusema. Nilifika hadi kwenye "Papa, ile kitambaa", akaniziba mdomo kwa kiganja chake kilichonuka mafuta ya saa.

"Nyamaza. Wewe uko na maisha ya kubeba. Mie niko muzee. Wakijua, hakuna mutu atakuoa, hakuna mutu atakusamehe. Nyamaza, Mwanahamisi."

Nilinyamaza. Maishani mwangu ni ulimi wangu tu uliowahi kunitii, na ulinitii siku hiyo.

Papa aliishi miaka minane zaidi. Alitengeneza saa, aliswali, hakugombana na mtu. Kwa upande wa mama hakualikwa tena harusini wala kwenye tohara. Tonton Assumani akikutana naye msikitini alibadilisha safu. Papa aliniozesha vizuri, kwa mtu mwema, na siku ya ndoa yangu wajomba zangu walikuja, wakala, wakanibariki, na wakampita baba yangu mlangoni bila salamu.

Alipokufa, walikuja kwa ajili yangu. Jeneza lilipoinuliwa, wanaume waliingiza mabega, na upande mmoja pakakosekana mtu. Wakamtazama tonton Assumani, kwa sababu ndiyo nafasi ya shemeji. Alikunja mikono. Alisema, na alisema kwa nguvu ili tusikie sisi wanawake ndani, kwamba hawezi kubeba mtu aliyemuua mtoto wake mwenyewe.

Nilikuwa mlangoni, mwanamke mzima mwenye watoto wawili. Neno moja lingetosha. Jirani akatoka kwenye kundi, akatia bega lake, wakaondoka naye. Tonton Assumani sasa amekufa, mume wangu amekufa, Évariste sijui yuko wapi. Hakuna aliyebaki wa kunikasirikia, ndiyo maana leo naweza kusema kwamba haikuwa papa, ilikuwa mimi.