Mikono Kumi na Mmoja

Mwidani alikuwa na maneno mawili aliyoyapenda kuliko chakula: ujamaa na kura. Aliyapata kwenye mikutano ya makuli bandarini, na mwaka wa sitini na moja akayaleta Likoni. Aliwashawishi watu, wakafika ishirini yeye akiwemo, walime shamba moja, mavuno yawe ya wote, na kila jambo liamuliwe kwa kuinua mikono. Wakamfanya mwenyekiti.

"Na wengi wetu wakisema fulani asipate?" aliuliza Mwanatabu, mama mtu mzima asiyemuogopa mtu.

"Mama, watu waliolima pamoja watasemaje hivyo?" Mwidani akacheka. Alikuwa mtu mzuri, wallahi, ila kichwa chake kilijaa mikutano.

Mwanachama wa bara alikuwa mmoja tu, Kioko, kuli mwenzake. Hata waliomsengenya walikiri kwamba hakuna aliyelima kumshinda. Msimu wa pili Mwidani akampa miche sita ya minazi iliyochipua uani kwake, akamwambia aipande pembeni mwa shamba palipokuwa patupu.

Hapo ndipo alipoharibu. Mzaliwa wa Likoni anajua tangu utotoni kwamba mnazi ni wa aliyeupanda, hata ukisimama kwenye ardhi ya mwingine. Mihogo hung'olewa ikaisha, lakini mwenye mnazi ameshatia mguu, yeye na wajukuu zake. Mwidani alijua, ila alijiambia hayo ni ya zamani, sasa kila kitu ni cha wote. Kioko hakujua lolote. Kwake yeye mti ulikuwa mti.

Miche iliposhika, maneno yakaanza. Ulikuwa wakati wa siasa za majimbo, watu wakiulizana nani mwenyeji na nani wa kuja. Jumapili moja asubuhi wakakutana madrasani, na Boga, ambaye shamba lake la urithi lilipakana na lile la ushirika, akasimama.

"Leo minazi sita, kesho nyumba," alisema. "Mimi nataka huyu bwana atoke. Na tupige kura, kama mwenyekiti alivyotufunza."

"Nilipanda kwa ajili yetu sisi wote," alisema Kioko. Alimtazama Mwidani.

Ilitakiwa sentensi moja tu: miche nilimpa mimi, na mimi ndiye niliyemwambia apande. Mwidani aliifikisha mpaka kwenye meno. Kisha akaziona zile nyuso, akauwazia uenyekiti wake, akajidanganya kwamba anauwazia ushirika. Akakohoa.

"Wanaotaka atoke, wainue mikono."

Ikainuka kumi na mmoja. Waliokataa walikuwa saba, wa kwanza Mwanatabu. Kioko hakuinua wake, na mwenyekiti hakuinua wake.

Mwidani alimkuta nje akivaa viatu. Moyo ulikuwa ukimuuma kwelikweli.

"Ndugu yangu, mbona hukusema kwamba ni mimi niliyekupa?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Kioko alifunga kamba za kiatu bila haraka. "Ningesema mimi, ungekana ama wangekutoa na wewe. Sikutaka kuona hata moja."

"Lakini wengi wameamua. Ndiyo sheria tuliyoiweka."

"Kura nimeikubali, Bwana Mwidani. Wewe ndiye sijakukubali."

Akampa mkono, maana alikuwa na adabu zake, akashika njia ya kivuko. Hakuonekana tena shambani, na bandarini akaomba zamu nyingine.

Mwezi wa uhuru ushirika ulichagua viongozi upya. Boga mwenyewe ndiye aliyemsifu Mwidani, kwamba ameonyesha watu wanaweza kushirikiana mali na bado kila mmoja akawa na sauti. Mikono yote ikapanda, hata wa Mwanatabu. Mwidani aliihesabu polepole, akitamani ubaki japo mmoja chini. Haukubaki. Mtu aliyekuwa na haki ya kumkataa hakuwa na kura.