Kura ya Saba na Moja

"Nasema tena, huyu mtu hawezi kunisahihishia saa!" Mwalimu Bonaventura aligonga meza mpaka vikombe vikacheza. "Mfano huo nimeufundisha tangu nihamishiwe Kigoma. Yeye amevuka ziwa juzi tu!"

"Hajakusahihishia saa," Semeni alimjibu. "Amekusahihishia hesabu. Kaa chini, unamwaga chai."

Semeni alikuwa mtaaluma, yaani msimamizi wa masomo na ratiba, wa chuo cha ualimu pale Gungu, mwenyeji wa Buzebazeba, mama mwenye watoto na haraka zake, ambaye neno likimfika mdomoni halilali humo. Kikao alikiitisha yeye. Ilikuwa mwaka 1997, mtihani wa taifa ulikaribia, na wanachuo wa mwaka wa pili walikuwa hawajaelewa chochote kuhusu ringi na homomofizimu za aljebra. Semeni alishuku kwamba hata Bonaventura aliyewafundisha hakuwa amewazidi sana.

Ndiyo maana alimwita Heritier, mhadhiri wa hesabu huko Bukavu kabla vita havijamtupa kwenye kambi ya wakimbizi. Kikao kikimkubali, atabaki mjini na kufundisha. Kikimkataa, gari la kambini lililomsubiri uani litamrudisha kwenye turubai, akapange foleni ya mahindi pamoja na shahada yake.

Usaili ulikwenda vizuri mpaka Bonaventura alipomtaka ausifu mfano wake maarufu. Saa ya ukutani, alizoea kufundisha, ni ringi: namba zake unazijumlisha na kuzizidisha, na ukipita kumi na mbili unaanza upya. Saa ya Kizungu hali kadhalika. Basi sisi tunaogeuza saa tatu kuwa tisa, na saa nne kuwa kumi, tunafanya homomofizimu kila siku bila kujijua. Wanachuo waliupenda sana mfano huo. Ndio pekee waliokuwa wakiukumbuka.

"Hebu rudia, ndugu Heritier," alisema Mzee Pastory, mkuu wa chuo, aliyekaribia kustaafu na aliyetamani ugomvi wote umsubiri atakayekuja baada yake.

Heritier alisimama. "Homomofizimu ni mjumbe mwaminifu, Mzee. Ujumlishe kwanza kisha ugeuze, au ugeuze kwanza kisha ujumlishe, ni lazima ufike palepale. Na hapo hata kuzidisha hatujakugusa. Sasa, tatu na nne ni saba. Saba yetu, kwa Wazungu, ni moja. Sawa?"

"Sawa."

"Tupite njia ya pili. Tatu inakuwa tisa, nne inakuwa kumi. Tisa na kumi ni kumi na tisa. Toa kumi na mbili, inabaki saba. Huku tumepata moja, huku saba. Mjumbe ameongopa."

"Mnamsikia?" Bonaventura aliruka. "Anatukana saa za Kiswahili!"

"Hapana, Mwalimu. Saa ni nzima kabisa, na kuzigeuza unazigeuza vizuri. Jina la homomofizimu ndilo lisilozihusu."

"Jina hilo limepitishwa na idara!"

"Idara ni nani?" Semeni aliuliza.

"Idara ni mimi."

Mwalimu Anatoli wa michezo alikohoa. Yeye hesabu aliziacha kidato cha pili, wala hazikumtafuta tena. "Kwani tofauti ya saba na moja ni kubwa kiasi hicho? Si tuelewane tu?"

Uso wa Mzee Pastory ukang'aa. Kuelewana ndiko alikokuwa akikutafuta tangu asubuhi. "Vema. Tupige kura. Wanaokubali kwamba, kwa matumizi ya chuo hiki, saba ni sawa na moja, wanyooshe mikono."

Bonaventura alinyoosha. Anatoli alinyoosha, kwani Bonaventura ndiye aliyempa lifti ya pikipiki kila jioni. Mzee Pastory naye alinyoosha, kwa ajili ya umoja. Heritier alikatazwa kushiriki, maana mkimbizi hapigi kura. Akaketi akiwatazama wenye nchi.

"Wanaopinga?"

"Mimi," alisema Semeni. "Na ninyi wenyewe, mkienda sokoni."

"Imepita!" Bonaventura alikunjua miguu. "Dereva aitwe. Kikao kimeamua."

Semeni aliwatazama mmoja mmoja. Kulikuwa na darasa zima la vijana ng'ambo ya ukuta, ambao mwakani wangetawanyika hadi Kidahwe na Kasulu kufundisha watoto wa watu kwamba saba ni moja. Mmoja wa watoto hao angeweza kuwa wake.

"Kimeamua kuhusu saba," alisema. "Ratiba hakijaigusa, na ratiba ni yangu."

Aliandika mistari michache, akaisukuma karatasi mbele ya mkuu wa chuo. "Saini, Mzee."

"Ni nini hii?"

"Barua ya kuombea kibali, Heritier abaki kufundisha. Umeshakubali saba ni moja, hii haitakushinda."

Mzee Pastory alimtazama Bonaventura, akamtazama Semeni, akapima ni nani kati yao anayeweza kumharibia siku zaidi. Akasaini.

Semeni alimpa dereva barua dirishani. "Peleka hii kambini. Abiria huna."

"Na kipindi changu?" Bonaventura alifoka.

"Kimepata mwenyewe. Kuna kiti nyuma darasani, ukipenda."

Alichukua boksi la chaki, akamshika Heritier mkono, akamvusha korido mpaka mlango wa mwaka wa pili. Wanachuo walisimama kwa kishindo.

"Kaeni," alisema. "Huyu ndiye mwalimu wenu wa aljebra kuanzia sasa. Shikeni kalamu."

Akamkabidhi Heritier chaki, akatoka, akaufunga mlango.