Makufuli Matatu na Kitabu cha Mkunga

Mimi ni fundi wa makufuli, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Miaka thelathini na minane nimefunga vitasa vya watu, na hakuna mwizi aliyewahi kupita mlango nilioushika mimi. Kama yupo, ajitokeze. Siri zangu ni mbili: mlango mmoja makufuli matatu, na funguo zote kwa mwenye nyumba. Sijawahi kubaki na nakala ya ufunguo wa mtu. Wizi mwingi nilioitiwa, ukiufuatilia, unaishia kwenye nakala iliyoachwa mahali.

Mke wangu ni mkunga mstaafu. Mtaani wanamwita Mkunga, na mimi namwita hivyo hivyo, maana nusu ya wanaotusalimia barabarani aliwapokea yeye kwa mikono yake. Alipostaafu, binti yetu, ambaye ni mwalimu wa kompyuta katika mji mwingine, alituletea kompyuta yake ya zamani. Tukaiweka sebuleni, juu ya meza iliyokuwa ya cherehani. Miaka miwili Mkunga alikaa pale kila asubuhi akiandika kwa vidole viwili yale aliyojifunza katika chumba cha kuzalia: namna ya kumtuliza mama anayeogopa, namna ya kumjua mtoto aliyekaa vibaya kwa kupapasa tu, na makosa yake mwenyewe, hata yale yaliyomliza. Chuo cha wakunga kikamwandikia kwamba kitakitumia kitabu hicho kufundishia, mradi kifike Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Kitabu chote kilikuwa ndani ya kompyuta ile, na hapo tu. Alitaka kukiweka pia kwenye flashi, mimi ndiye niliyemkataza. Nakala? Nyumbani kwangu? Hakubishana nami, nami nikajiona mwenye akili.

Jumatatu ya wiki ile matangazo yakaanza kurukaruka kwenye skrini kila Mkunga alipofungua intaneti. Nikampigia binti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kompyuta ya mama yako imeingiwa na wazimu."

"Fanya mambo mawili tu, Baba. Chagua antivirusi moja nzuri, na uweke kivinjari kipya. Hicho mnachofungulia intaneti ni cha zamani, hakijasasishwa tangu nilipokuwa nacho mimi."

"Antivirusi moja tu?"

"Moja, Baba. Zikizidi zinagombana."

Nilikata simu nikicheka. Watoto wa siku hizi ni wavivu hata wa kujilinda. Nikaweka tatu. Kivinjari nilikiacha kama kilivyo, maana niliona mlango uliokwisha kutiwa makufuli matatu hauna haja ya kubadilishwa ubao.

Jumatano asubuhi Mkunga akawasha kompyuta. Ikaguna, kisha ikaganda. Mle ndani kila antivirusi ilikuwa imemwona mwenzake ndiye mwizi, na zote tatu zilikuwa zimekabana koo. Mkunga aliifunika kibodi kwa kitambaa, taratibu. Nimeishi naye miaka arobaini. Akinifokea, najua jioni tutakula tukicheka. Upole ule ulinitia hofu.

"Fundi," akasema, "kitabu changu kimo humo."

"Kimo."

"Na nakala hakuna."

Nikashika simu, nikampigia binti.

Binti hakunicheka, Mungu ambariki. Alinielekeza kwa simu hatua kwa hatua: zima, washa, iingize katika hali ya dharura, ambapo kompyuta huamka na vitu vya lazima tu. Hapo mikono ikakumbuka kazi. Kumbe kuondoa programu ni kama kung'oa kitasa kilichokwama: huvuti kwa hasira, unafungua kimoja kimoja huku ukikumbuka ulikotoka. Ya kwanza ilikuwa ikipiga kelele kila dakika nilipie toleo kubwa, nikaing'oa. Ya pili haikutaja popote nani aliyeitengeneza, na mimi sifungi kufuli lisilojulikana kiwanda chake, nikaing'oa nayo. Nikabakiza ya tatu, iliyokuwa ikijisasisha yenyewe kila siku bila kumsumbua mtu. Kompyuta ikawaka. Mkunga akabofya kitabu chake, na kurasa mia mbili na kumi na mbili zikafunguka. Nililia kidogo. Nalisema mwenyewe, kwa sababu nisiposema mimi atasema yeye.

Alhamisi nzima alisahihisha. Ijumaa saa tano asubuhi akafungua intaneti ili akitume, kwa kivinjari kile kile cha zamani, kwa kuwa mimi na kichwa changu kigumu sikuwa nimekigusa. Ghafla dirisha jekundu likajaza skrini na king'ora kikaanza kulia: KOMPYUTA YAKO IMEVAMIWA. USIIZIME. PIGA NAMBA HII SASA AU UTAPOTEZA KILA KITU.

Mkunga, mtu aliyewahi kuzalisha mapacha umeme umekatika na asitoe hata jasho, alichukua simu akaanza kubonyeza namba.

"Weka chini," nikasema.

"Watakifuta!"

"Mkunga, weka simu chini. Huyu namjua."

Namjua kweli. Katika kazi yetu wapo mafundi uchwara wanaopita mchana wakisokomeza njiti za kiberiti kwenye matundu ya vitasa, kisha wanabandika karatasi mlangoni: kitasa chako kimeharibika, piga namba hii. Mwenye nyumba anarudi na haraka zake, anapiga, anamwingiza mwizi kwa mkono wake mwenyewe. Watu hao nimewafukuza mtaa hadi mtaa. Kompyuta siijui, lakini njiti ya kiberiti hainipiti.

Nikakifunga kivinjari kwa lazima, kama binti alivyonifundisha Jumatano kuifunga programu iliyoganda, na king'ora kikakatika. Antivirusi ikafanya ukaguzi wa haraka, haikukuta kitu. Binti akatutumia anwani za vivinjari viwili, tukaziandika herufi kwa herufi, Mkunga akisoma na mimi nikibonyeza, bila kugusa tangazo lolote. Tukavipakua, tukavijaribu vyote viwili. Cha kwanza kilikuwa chepesi, kina rangi na habari tele, na kila ukurasa uliweza kurusha madirisha utakavyo. Cha pili kilikuwa cheupe tu, na ukurasa ukitaka kufungua dirisha jingine, kilituuliza kwanza. Mimi nilikuwa nimeshapenda kile cha kwanza.

"Hapana," Mkunga akasema. "Hiki kinabisha hodi. Kile kinaingiza watu hadi chumbani na viatu vyao. Wodini kwangu mlinzi wa namna hiyo asingemaliza hata siku moja."

Miaka thelathini na minane nafunga milango ya watu, na mke wangu ndiye aliyenieleza mlango ni nini. Nilivimba kifua kana kwamba maneno yale ni yangu.

Kitabu kikaondoka saa tano na dakika hamsini. Kabla chai haijapoa chuo kikajibu: kimefika, kimefunguka, wanafunzi wataanza nacho muhula ujao. Nilitoka nje nikamwambia jirani, kisha fundi viatu wa kona, kisha mteja wake nisiyemjua, aliyekuwa anangoja kiatu kimoja na asingeweza kunikimbia.

Niliporudi, Mkunga alikuwa amesimama kando ya sanduku langu la kazi, lile la chuma ambalo halifunguliwi na mtu mwingine. Mkononi alikuwa na flashi.

"Nakala ya kitabu," akasema. "Utaitunza wewe."

"Mkunga, unajua mimi sibaki na nakala ya mtu."

"Ya mtu, sawa. Mimi ni mtu wa nje?"

Nililifungua sanduku, nikaondoa tupa na patasi zilizokaa chini kabisa, nikatandika kitambaa safi, nikailaza flashi pale. Nikafunga kwa kufuli moja tu, lile bora kuliko yote niliyowahi kuunda kwa mkono wangu. Kisha nikakaa kwenye mashine yangu ya kuchongea funguo, nikachonga ufunguo wa pili, nikampa yeye.