Damu ya Misuzu Ina Sukari

Jumanne asubuhi Fusae alikuwa anakoroga supu ya soya wakati binti yake, Misuzu, alipoingia jikoni ameshika bega la kushoto. Akamuuliza ameamkaje. Misuzu akasema yuko sawa, na damu ikaruka kutoka begani mpaka kwenye mlango wa jokofu.

Fusae alizima jiko kwanza. Kisha akachovya kidole, akaonja. Ilikuwa tamu. Ni ile damu ya filamu, sukari iliyochemshwa na rangi ya chakula, anayoifua kila wiki kwenye nguo za mwanawe. Hutoka kwa maji baridi. Ya moto huigandisha.

Kazi ya Misuzu ilikuwa kupigana na kuanguka katika filamu za kisasi, huko Kawaguchi, kwenye kiwanda cha chuma kilichofungwa. Katika hii ya mwisho aliuawa kaka yake wa kwenye filamu, naye akawakata kwa upanga wanaume kumi na mmoja, kila mmoja akimwaga damu kama bomba lililopasuka. Alipoanguka kutoka paani mara ya tatu, godoro la kumpokea lilikuwa limeshahamishwa, akaangukia bega. Mwongozaji akauliza kwa mbali kama yuko sawa. Akasema yuko sawa. Fomu ya ajali haikujazwa, maana mtu aliye sawa hajapata ajali.

Kufikia Ijumaa Fusae alikuwa ametandika plastiki nyumba nzima. Jirani wa chini, Bi Hatsuyo, alipanda kulalamikia sisimizi. Alipoelezwa, akasema afadhali, alidhani ni choo chao kinavuja.

"Kesho watu wa kampuni wakija, sema unaumwa," Fusae alimsihi binti yake. "Neno moja tu, mwanangu. Bega lipigwe picha."

"Halafu nani ataniita tena, Mama? Wasichana wa kuanguka wamejaa tele."

Jumamosi akaja Bwana Nukada wa kampuni ya filamu, na boksi la keki za maharage lililofungwa vizuri. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akaomba radhi kwa kuwasumbua siku ya mapumziko. Fusae alisubiri radhi iliyobaki. Haikuwepo nyingine. Bwana Nukada akamgeukia Misuzu, akamuuliza bega linaendeleaje. Fusae akamkazia macho mwanawe mdomoni.

"Niko sawa," Misuzu alisema.

Damu ilimpata Bwana Nukada usoni. Alitoa leso, akafuta miwani, akageuka kutazama ukuta wa nyuma yake.

"Mama Misuzu, hii imefika mita tatu," alisema. "Pampu yetu ya damu hata mbili haifiki, tena inakwama-kwama."

Jumatatu Misuzu alirudi kazini. Safari hii anawaua kumi na tisa, na anaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Fusae alipouliza habari za godoro, aliambiwa litazungumzwa. Keki zilikaa juu ya jokofu mpaka zikaota ukungu.

Sasa mwongozaji hahesabu tena mpaka tatu ili kamera zianze. Huuliza tu kwa mbali kama Misuzu yuko sawa.

Jibu lile Misuzu alifundishwa na Fusae mwenyewe, akiwa na miaka minne, siku alipochubuka goti mbele ya wageni akataka kulia. Alilishika upesi, na watu wakamsifu mama yake.

Kila jioni Fusae hujaza beseni maji baridi.