Anayesimama Nyuma ya Gari

Saa kumi na moja kasorobo, kila siku isiyo ya mvua, Fundi alisimamisha cherehani, akakung'uta nyuzi mapajani na kutoka uani kwenda kusimama nyuma ya gari. Mahali pake palikuwa upande wa kulia wa bampa, hatua moja kutoka kwenye antena. Hakuhitaji kupatafuta, maana nyayo zake zilikuwa zimekwisha kuchimba vishimo viwili pale. Mumewe aliingia mbele, akafunga mlango, akamtazama kwenye kioo na kunyanyua dole gumba. Fundi akanyanyua lake. Kisha mume akashika kipaza sauti na kuanza kuzungumza na watu wa mbali.

Mume huyo alikuwa msoma mita za maji. Mchana alizunguka na baiskeli akifunua vifuniko vya chuma na kuandika tarakimu, na jioni alikuwa mtu wa redio ya masafa mafupi. Gari lake kuukuu halikwenda popote siku hizi, lakini bodi yake ilikuwa chuma kitupu, na antena ya garini hutaka chuma cha kutosha chini yake. Antena yenyewe ilikuwa fimbo ndefu kuliko mtu, yenye koili nene ya shaba katikati na ncha nyembamba juu. Ncha hiyo ndiyo hurefushwa au kufupishwa, milimita kwa milimita, huku mtu aliye ndani akitazama sindano ya kipimo. Sindano ikitulia kwenye moja, nguvu yote inatoka hewani. Ikipanda hadi tatu, nguvu inarudi ndani kuiunguza redio.

Kuirekebisha kuliwachukua siku tatu. Mume alikaa ndani na Fundi akasimama nje, kwa kuwa mikono yake ilizoea vipimo vidogo.

"Shusha kidogo," mume alisema.

"Kidogo kipi? Cha kitambaa au cha uzi?"

"Cha uzi, mke wangu. Cha uzi."

Walicheka sana siku hizo tatu, na Fundi aliyaweka maneno hayo moyoni. Sindano ilipotulia kwenye moja, mume akaruka nje kwa furaha na kuiziba skrubu ya ncha kwa gundi ya chuma ili isitingishike kamwe. Hapo ndipo walipokosea. Mwili wa mtu ni maji yenye chumvi, na antena huuhesabu kama sehemu yake. Fundi alipoondoka kwenda kuinjika maji ya chai, sindano ikapanda hadi tatu. Aliporudi ikashuka kwenye moja. Walijaribu kuibandua gundi kwa kisu, kwa koleo na kwa moto, ikakataa katakata.

"Basi," mume akasema, "utakuwa unasimama hapo."

Mwaka uliofuata sauti ya mume ikaanza kuruka. Wanaojua redio hawataona ajabu. Wimbi la masafa mafupi hupanda juu, hugonga anga, hushukia mbali, na walio karibu huwapita juu ya vichwa bila kusikia lolote. Msoma mita alikuwa amezungumza kwa mawimbi hayo kila jioni, na sauti yake ikaiga tabia yao. Alifungua kinywa, midomo ikacheza, na aliyekuwa mbele yake hakusikia kitu. Fundi alikawia siku nne kugundua, kwani hata zamani mumewe hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani. Daktari alimmulika koo, akasema sauti inatoka vizuri kabisa ila inashukia mbali, akamwandikia vidonge vya kikohozi. Simu nayo ilikuwa karibu naye mno, haikusikia. Kipaza sauti cha garini peke yake ndicho kilichomwelewa.

Nyumbani wakaanza kutumia karatasi. Mume alichukua zile fomu za mita, zenye nafasi ya usomaji wa awali na usomaji wa sasa, akaandika nyuma yake. "Chumvi imezidi." "Kesho natoka mapema." "Kifungo cha shati." Fundi alizisoma, akazichoma kwenye msumari wa jikoni na kuendelea na kazi.

Hayo yote aliyamudu. Kilichomchafua roho ni yule mwanamke.

Alikuwa mfuga nyuki, anayeishi mbali sana, mwenye antena kwenye gari lake la kubebea mizinga. Sauti ya Msoma Mita haikusikika uani, lakini sauti ya Mfuga Nyuki ilisikika waziwazi kwenye spika, na hivyo Fundi alipata nusu ya mazungumzo, tena nusu mbaya.

"Acha bwana! Kweli?" ilisema spika, ikacheka.

Midomo ya mume ikacheza kwenye kioo.

"Una maneno matamu wewe. Endelea, usinikatie hapo."

Midomo ikacheza tena, safari hii kwa muda mrefu. Fundi hakuhitaji saa kuupima muda huo. Mume alipobonyeza kitufe na kuzungumza, nguvu ya antena ilimfikia hatua moja pale aliposimama, na pete yake ya ndoa ikapata moto. Akisalimiana na wanaume wa redio, pete ilipata uvuguvugu tu. Akizungumza na Mfuga Nyuki, ilichoma hadi Fundi akakunja kidole. Alisimama pale, miguu kwenye vishimo vyake, akimshikia mumewe sindano kwenye moja ili mumewe ampelekee mwanamke mwingine maneno matamu. Wivu ulimjaa. Na hakuthubutu kusogea, kwa sababu akisogea redio ingeungua, na redio ilikuwa haijamkosea.

Siku moja Mfuga Nyuki alisema, "Rudia ulivyosema jana kuhusu ile mikono." Pete ikawaka. Usiku ule Fundi alikata kitambaa cha mteja vibaya, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji.

Mdogo wake aliishi mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na mume wa mdogo wake naye alikuwa na redio kwenye pikapu. Mdogo wake alikuwa amekwisha kumwambia kwa simu, "Dada, mumeo husikika huku kama yuko sebuleni." Fundi alitamani kwenda kusikiliza. Lakini akiwa karibu hamsikii, na akienda mbali hakuna wa kusimama nyuma ya gari, na mume asiyetoka hewani hasikiki popote. Alilifikiria jambo hilo wiki nzima huku akishona sare za shule. Kisha akajipima.

Alijipima kwa futi yake mwenyewe, kifua, kiuno, nyonga na urefu, akaenda dukani kupanda mizani ya magunia. Kilo sitini na mbili. Mume alipokuwa kazini, alipanga madumu matatu ya lita ishirini moja juu ya jingine pale kwenye vishimo, akayajaza maji, akatia chumvi, akaongeza chupa mbili za lita moja juu. Akayafunga kwa kamba na kuyavika gauni lake la maua. Akaingia garini, akabonyeza kitufe na kutazama sindano. Ilisimama kwenye moja na nusu. Alisogeza madumu, akapunguza maji, akaongeza chumvi. Moja na nusu. Mwisho akavua pete, akaitundika kwenye kifuniko cha juu, na sindano ikalala kwenye moja.

Jumamosi alfajiri aliyapanga tena madumu yale kwenye vishimo, akayavika gauni na pete, akaondoka. Kwenye msumari wa jikoni aliacha karatasi: "Nimekwenda kwa mdogo wangu." Aliichoma pale zilipo karatasi zote.

Alifika saa kumi. Mdogo wake alimpokea kwa chai, akamtazama kidole kitupu. Saa kumi na moja kasorobo walikuwa watatu ndani ya pikapu, Fundi katikati, na shemeji akazungusha kitufe taratibu hadi mluzi ulipogeuka sauti ya mtu.

Ilikuwa sauti ya mumewe. Safi, yenye afya, na ndefu kuliko alivyoikumbuka. Furaha ya kuisikia ilimwenda mwili mzima. Kisha akaelewa. Kama anasikika, sindano iko kwenye moja. Kama sindano iko kwenye moja, amekwisha kutazama kwenye kioo, ameona gauni la maua na kunyanyua dole gumba. Hakugundua.

"Mke wangu yupo nyuma ya gari kama kawaida," sauti ilikuwa ikisema. "Leo amevaa gauni la maua. Nakwambia, nimezunguka nyumba elfu mbili za mji huu nikisoma mita, sijaona mwanamke wa kumfikia. Ana mikono inayoona milimita gizani. Siku ya kwanza namwona alikuwa dukani anakata uzi kwa meno, akanitazama bila kuuachia ule uzi. Nikasahau nilichofuata pale."

"Hiyo ya uzi sichoki kuisikia," alisema Mfuga Nyuki. "Unajua nikizima redio huwa namwonea wivu huyo mkeo? Ulishamwambia mwenyewe haya?"

Kukawa na mkwaruzo kidogo.

"Yule yuko karibu," sauti ilisema. "Anajua."

Mdogo wake alimshika goti. Shemeji, asiyejua pa kutazama, alitazama kipimo, kisha akampa kipaza sauti. "Sema naye, shemeji. Bonyeza hapo."

Fundi akabonyeza. Alikuwa na maneno mengi njiani, lakini yaliyotoka yalikuwa mawili. "Nakusikia vizuri."

"Karibu, karibu sana kituo kigeni!" mume akajibu mara moja. "Unaingia safi kabisa. Tukuite nani?"

"Fundi."

"Fundi! Basi hata mke wangu ni fundi. Ngoja nikupe habari zake."

Akampa habari zake. Zilichukua dakika ishirini. Alimweleza jinsi mke huyo anavyokunja shati, anavyoimba na sindano mdomoni, na siku tatu walizocheka wakirekebisha antena, kidogo cha kitambaa na kidogo cha uzi. Hakutia chumvi popote, yote yalikuwa kweli. Fundi alisikiliza huku roho ikimuuma. Mfuga Nyuki hakuwa na kosa lolote, hilo aliliona sasa. Wivu wake wote ukahama na kumwangukia yule mke anayesimuliwa, mwanamke mwenye bahati, anayependwa kwa sauti ya kufika nchi ya mbali. Alikuwa hajapata kumchukia mtu namna ile.

"Na wewe, Fundi?" mume aliuliza. "Bwana wako ni mtu wa namna gani?"

"Ni msoma mita. Hasemi na mimi."

"Pole sana, dada," mume akasema kwa huruma ya kweli. "Wako wanaume wa hivyo."

Jumapili alirudi. Basi lilimshusha saa kumi, akaenda uani moja kwa moja. Madumu yalikuwa wima kwenye vishimo. Juu ya gauni, kifuani, zilibanwa karatasi mbili kwa pini zake mwenyewe za kushonea. Ya kwanza iliandikwa, "Leo umesimama vizuri kuliko siku zote. Hukutingishika hata kidogo." Ya pili iliandikwa, "Nimelala. Mlango nimekuachia wazi." Jikoni, karatasi yake ilikuwa bado kwenye msumari, na juu yake mume alikuwa amechoma nyingine ya kuomba kifungo cha shati.

Fundi alizisoma karatasi za kifuani mara mbili. Ilikuwa sifa ya kwanza kuandikiwa tangu sauti iondoke. Akavua gauni, akafungua kamba, akamwaga maji ya chumvi kwenye mtaro na kuyaosha madumu. Pete ilikuwa bado ya moto. Aliivaa hivyohivyo, kwa sababu saa kumi na moja kasorobo ilikuwa imefika na mume alikuwa anatoka ndani akipangusa mdomo.

Akaweka miguu kwenye vishimo. Dole gumba kwenye kioo, dole gumba nje. Pete ikawaka.

"Yule Fundi wa jana?" ilisema spika kwa sauti ya Mfuga Nyuki. "Hapana, leo simsikii. Alikuwa msikilizaji mzuri kweli. Hebu mwite tena."

Pete ikawaka, ikapoa. Ikawaka mara ya pili. Kwenye kioo midomo ya mume ilikuwa ikitamka neno moja, na Fundi alilijua neno hilo kwa sura yake.

"Nipo," akasema.

Mume aliinamia redio, akazungusha kitufe kulia na kushoto. Pete ikawaka mara ya tatu.

"Nipo hapa!" Fundi akasema kwa nguvu zaidi. "Nipo hapa nyuma!"

Mume akageuka kwenye kiti. Alimtazama vizuri, kwa upole, akaweka kidole midomoni kumwomba anyamaze kidogo, maana alikuwa anasikiliza. Kisha akaupa mgongo uwanja na kuongeza sauti ya spika. Fundi akanyamaza, akasimama wima asitingishike, na pete ikawaka mara ya nne.